Nani Kapewa Mishororo Mingapi: Jamaa wa Malkia Elizabeth wa York katika Maombolezo ya Thomas More

Elizabeth wa York, mke wa Henry VII wa Uingereza, alifariki ndani ya Mnara wa London tarehe 11 Februari 1503, siku aliyotimiza miaka 37. Siku tisa kabla alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mwanasheria kijana wa mji huo, Thomas More, wakati huo mwenye umri wa miaka 25 hivi na bado hana jina kubwa, alimtungia maombolezo ya beti 12 kwa Kiingereza. Yalichapwa katika mkusanyiko wa kazi zake mwaka 1557, miaka 22 baada ya More mwenyewe kukatwa kichwa kwa amri ya Henry VIII, mwana wa malkia huyo.

Wanaolitaja shairi hili huligusa na kupita, wakiliona zoezi la ujana la mtu aliyekuja kuandika Utopia. Nadhani wanalipunja. Ukilisoma kwa kufuata umbo lake, yaani vina, kibwagizo, idadi ya mishororo anayopewa kila mtu na mpangilio wa majina, unapata habari za ukoo wa Elizabeth ambazo maneno ya shairi hayazitamki. Nani alikuwa karibu naye, nani aliachiwa wajibu, nani alistahili ubeti mzima na nani alibanwa ndani ya nusu mshororo: yote hayo yamo katika usanifu.

Nafsineni ni malkia mwenyewe, naye ameshakufa. Anazungumza akiwa amelala mahali pamoja, na kutoka hapo anawaita watu mmoja mmoja. Kila ubeti una mishororo saba, mingi ikiwa na silabi kumi hivi. Mshororo wa kwanza hufanana kina na wa tatu. Wa pili, wa nne na wa tano huwa na kina kimoja. Wa sita na wa saba huwa na chao. Mpangilio huu ulikuwa umezoeleka Uingereza tangu zama za mshairi Chaucer. Alichoongeza More ni kukifunga kina cha mwisho kisibadilike kamwe. Vina vya juu hugeuka ubeti kwa ubeti, lakini mishororo miwili ya mwisho ina sauti ileile tangu mwanzo hadi tamati. Msomaji aliyelelewa na tenzi zetu atakitambua mara moja, maana ndicho kina cha bahari. Tofauti ni kwamba katika utenzi kina hicho hubebwa na maneno mapya kila ubeti unapoisha, ilhali hapa mshororo wa saba kila mara unafungwa na kauli moja, ya kwamba sasa malkia amelala hapa. Kina cha bahari na kibwagizo vimekuwa kitu kimoja.

Tazama mzigo unaoangukia mshororo wa sita. Ni lazima uishie kwenye neno litakaloitikiana na kulala kaburini. Kwa hiyo nasaba inaitikiana na kulala huko. Tiba pia, na utabiri wa mnajimu, na ujenzi wa majumba, na kilio, na majaliwa ya mtoto mchanga, na mwishoni kabisa rehema ya Mungu. Mara mbili neno linaloangukia hapo ni nafsi yake mwenyewe, yaani mimi. Mtunzi hakuhitaji kuhubiri kwamba mauti hayaepukiki, kwa kuwa kila njia ambayo malkia anaianza inamrudisha palepale alipolala, na sikio linajua hivyo kabla akili haijapambanua.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo kwangu ndilo ufunguo wa shairi zima. Kibwagizo huingia kwa kiunganishi. Katika beti sita za kwanza kiunganishi hicho ni cha kuongeza tu: nilikuwa malkia wenu, na tazama, nimelala hapa. Kuanzia ubeti wa saba, pale anapoanza kuwaaga jamaa zake, kiunganishi kinageuka kuwa cha sababu: fanya hili, kwa maana nimelala hapa. Nusu ya kwanza inatoa ushahidi. Nusu ya pili inatoa wosia. Beti sita kwa sita, na bawaba iko katikati hasa. Ubeti mmoja tu katika nusu ya pili unaasi na kurudia kiunganishi cha kwanza. Nitaufikia.

Beti za mwanzo tuzipitie kwa haraka, maana ndizo zenye mali nyingi ya kuazima. Ubeti wa kwanza unawaita wanaoitegemea raha ya dunia wamtazame yeye. Mwito wa kutazama ulikuwa na maana ya macho kabisa kwa watu wa London. Tarehe 22 Februari walikuwa wameliona jeneza likipitishwa kutoka Mnarani kwenda Westminster, juu yake sanamu ya mbao ya malkia aliyevikwa taji na mavazi ya enzi, na huko Cheapside wakasimama wasichana 37 waliovaa nyeupe wakishika mishumaa, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Kichwa cha sanamu ile kimehifadhiwa Westminster hadi leo.

Ubeti wa pili umejengwa kwa maswali ya balagha. Je, hakuzaliwa katika ukoo mkongwe? Mama yake hakuwa malkia, baba yake hakuwa mfalme? Mtu asiyejua historia atayachukulia haya kama mapambo. Lakini mwaka 1484, chini ya baba yake mdogo Richard III, Bunge lilikuwa limetangaza kuwa ndoa ya wazazi wake, Edward IV na Elizabeth Woodville, ilikuwa batili, na watoto wao wote wakahesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Henry VII alipomshinda Richard huko Bosworth Agosti 1485 aliifuta sheria hiyo na kuagiza nakala zake ziharibiwe, kisha Januari 1486 akamwoa Elizabeth. Swali la balagha basi linafanya kazi ambayo sentensi ya kukiri isingeifanya: linamlazimisha msikilizaji ajibu ndiyo, na kwa jibu hilo aithibitishe ndoa ya wazazi wa marehemu. Halafu sikiliza vina. Neno la mfalme, yaani baba yake, linaitikiana na neno la vitu vya anasa, na yote mawili yanaitikiana na neno la hesabu. Henry VII alikuwa mfalme aliyepitia daftari zake za fedha mwenyewe na kuzitia alama ya mkono wake. Lugha ya hesabu ndani ya kinywa cha mkewe haikutoka mbali.

Ubeti wa tatu, wenye masharti matatu ya kwamba kama heshima, akili au fedha zingeokoa, ni wa kawaida, na mtunzi yeyote wa wakati ule angeuandika. Wa nne ni mbaya zaidi kwa sababu nyingine. Mnajimu Mwitaliano wa ikulu, William Parron, alikuwa ametabiri kwamba malkia ataishi hadi miaka 80, na More anamfanya marehemu amsute mnajimu kwamba mwaka wenyewe wa utabiri haujaisha. Hoja ni kali na haki imo, lakini sauti si ya mwanamke aliyefariki kwa uzazi. Ni sauti ya wakili aliyemnasa shahidi wa uongo mahakamani, na shairi linapoteza joto kwa mishororo saba mizima.

Linalipata tena katika ubeti wa tano. Hapa malkia anaagiza hesabu ifanywe kwa utaratibu: wekeni huzuni yangu kwanza, kisha furaha, mwone ipi inazidi. Huzuni hiyo haitajwi hata moja. Hakuna baba aliyefariki Elizabeth akiwa na miaka 17, hakuna miezi ya kujificha na mama na dada zake katika hifadhi ya kanisa la Westminster mwaka 1483, hakuna binti yake Elizabeth aliyefariki mwaka 1495 akiwa na miaka mitatu, wala Edmund aliyefariki mwaka 1500 bado mchanga. Msomaji wa mwaka 1503 aliwajua wote. Shairi linampa safu mbili za kujaza, nalo linanyamaza. Ni uamuzi wa kisanaa ulio bora kuliko orodha yoyote.

Ubeti wa sita ndio bawaba yenyewe. Unaanza kwa kuuliza ngome ziko wapi na minara iko wapi, swali la kale katika ushairi wa Kikristo. Mara unaacha majumba ya jumla na kutaja mawili halisi. La kwanza ni Richmond, ikulu ambayo Henry VII aliijenga upya baada ya ile ya Sheen kuungua Desemba 1497. La pili ni kazi ya gharama kubwa huko Westminster, ambayo Elizabeth hataiona. Jiwe la msingi la kanisa dogo la Henry VII pale Westminster liliwekwa tarehe 24 Januari 1503, siku 18 kabla ya kifo chake. Katika kulitaja, malkia anageuka bila kutangaza na kumsemesha mumewe: kazi hiyo ni yako, bwana wangu mpenzi. Mpaka hapo alikuwa akiongea na walimwengu wote. Sasa amebaki na mtu mmoja. Anamwombea ajenge vizuri kwa ajili yake na watoto, kisha anasema kuwa jumba lake yeye limeshakamilika. Kaburi limewahi kumalizika kabla ya kanisa. Kwa kweli mambo hayakwenda hivyo: kaburi la shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya Pietro Torrigiano wa Florence, ambamo mume na mke wamelala bega kwa bega, lilikuja kuagizwa mwaka 1512, miaka tisa baada ya mke na mitatu baada ya mume.

Ubeti wa saba ni wa mumewe peke yake. Vina vya katikati ni kuunganisha, kukabidhi na cha kwangu, na ndani ya vina hivyo vitatu mna historia ya ndoa nzima: waliunganishwa, sasa anakabidhi, na kilicho chake ni watoto. Lugha ya kukabidhi ni ya kisheria. Mapenzi yaliyowafunga wawili hao anayarudisha mikononi mwa mume kama mali, ili ayagawe kwa watoto. Kisha anampa kazi: ulikuwa baba, sasa beba na sehemu ya mama. Hapa ndipo kiunganishi cha sababu kinapoingia kwa mara ya kwanza. Kifo chake kimekuwa sababu ya mtu mwingine kufanya jambo.

Ndoa ile ilifungwa ili kumaliza vita vya koo mbili, na watu wa siasa hupenda kuisoma kama mkataba. Lakini tuna simulizi la mwandishi wa ikulu kuhusu usiku wa Aprili 1502 zilipofika habari za kifo cha Arthur, mwana wao wa kwanza. Malkia ndiye aliyemtuliza mfalme kwanza, akamkumbusha kwamba mama yake hakuwa na mtoto mwingine ila yeye na Mungu akamlinda, na kwamba wao wawili bado ni vijana. Alipofika chumbani kwake akavunjika moyo, na mfalme akaitwa aje amtulize yeye. Alipofariki mkewe, Henry alijitenga na watu, na hakuoa tena. Ubeti wa saba, unaompa mume wajibu wa mama, unaheshimu ukweli huo bila kuupamba.

Kwa itifaki, baada ya mfalme angefuata mrithi wa kiti. More hakufanya hivyo. Ubeti wa nane umepewa Margaret, binti wa miaka 13, na yeye ndiye mtu pekee mbali na mfalme anayemiliki mishororo yote saba. Tarehe 25 Januari 1503, huko Richmond, Margaret alikuwa ameozwa kwa wakala kwa James IV wa Uskoti. Malkia anakiri kwamba jambo hilo lilikuwa limemwumiza sana, binti kwenda mahali ambapo wataonana kwa nadra. Sasa yeye ndiye aliyeondoka na kumwacha binti nyuma. Wanadamu tu vipofu, anasema. Tusichokiogopa ndicho kilicho karibu zaidi.

Vina vinatenda kazi yake kwa uchungu mkubwa. Jina la Margaret limewekwa mwishoni mwa mshororo, na neno linaloitikiana nalo ni la kukutana, ndani ya sentensi inayosema hawatakutana ila mara chache. Vina vya katikati vinapanga moyo ulioumia, aliyeachwa nyuma, na upofu. Na hapa ndipo ule uasi wa kibwagizo. Katika beti zote za kuaga, huu peke yake unarudia kiunganishi cha kuongeza. Mume kapewa wajibu, mavyaa kapewa wajibu, dada wameombwa sala. Margaret hakuagizwa chochote. Hakuna amri wala nasaha ya kuwa mke mwema. Mama anamwambia tu lililotokea, na tazama, amelala hapa. Nimeona wasomaji wakiuita ubeti huu wa huzuni kuliko zote, nami nakubali, ila sababu haimo katika maneno ya huzuni. Imo katika kukosekana kwa wosia. Binti wa miaka 13 aliyekwisha kutolewa kwa mfalme wa nchi nyingine alikuwa amebebeshwa ya kutosha, na umbo la ubeti linamwepusha na mzigo mwingine. Margaret alisafiri kwenda Uskoti majira ya joto ya mwaka huohuo. Kupitia kwake, kitukuu wake James VI alikuja kurithi kiti cha Uingereza mwaka 1603.

Ubeti wa tisa ni wa ajabu kwa namna ulivyokusanya. Ndani yake wamo wanawake wawili walioingia katika maisha ya Elizabeth kwa njia ya ndoa: mavyaa wake Margaret Beaufort na mkaza mwana wake Catherine wa Aragon. Mavyaa anapata mishororo mitatu. Hajaitwa kwa jina. Anaitwa mama mheshimiwa wa bwana wangu, yaani anatambulishwa kwa mwanawe. Anaambiwa amfariji mwanawe, achangamke, na ayapokee yaliyokuja kwa kuwa hayatakuwa mengine. Maneno ni ya adabu kamili, na ubaridi umo. Dada zake Elizabeth wataitwa wapendwa. Mavyaa ni mheshimiwa. Mwaka 1498 mjumbe mmoja wa Hispania aliandika kwamba malkia alikuwa amewekwa chini ya mkono wa mama wa mfalme. Shairi halithibitishi wala halikanushi. Linachagua kivumishi na kuendelea.

Hata hivyo sitaki kusoma uadui pasipo na uadui. Mwaka huohuo wa 1498 Henry VII alimweleza balozi kwamba mke wake na mama yake wote wawili walipinga Margaret mdogo kupelekwa Uskoti angali mtoto. Margaret Beaufort alijua alichokizungumza: alibaki mjane akiwa na miaka 13, mja mzito, na mtoto aliyemzaa ndiye huyo Henry. Kumweka mwanamke huyo mara tu baada ya ubeti wa binti anayeozwa akiwa na miaka 13, na kumpandanisha ndani ya ubeti mmoja na Catherine aliyefiwa na Arthur akiwa na miaka 16, ni upangaji ambao siamini ulitokea kwa bahati.

Vina vinaunga mkono. Kina cha kati kinaanzia kwa mavyaa, katika neno la uchangamfu, kinavuka hadi kwa Catherine katika neno la mwenza wa ndoa, na kinaishia katika neno la upenzi ambalo ni la Arthur. Wanawake wawili wasio na damu moja wameshonwa kwa uzi mmoja wa sauti. Na neno hilo la mwenza ndilo Elizabeth alilojiitia mwenyewe katika ubeti wa pili aliposema alikuwa mwenza wa mfalme. Alichokuwa yeye, Catherine alikuwa njiani kuwa, na njia ikakatika. Elizabeth anamwita binti yangu, si mke wa mwanangu. Arthur mwenyewe hasemeshwi. Anatokea ndani ya sifa za mjane wake, nusu mshororo, mtoto wangu mpendwa sana, kisha malkia anajikataza kulia. Shairi zima linatumia ritifaa, mtindo wa kuwasemesha wasiokuwepo, na mtu angetarajia mama aliyekufa amwite mwanawe aliyemtangulia, aseme kwamba anamwendea. Hasemi. Waagwao ni walio hai tu, na faraja hiyo rahisi More ameikataa.

Katika ubeti wa kumi wamo watoto watatu waliobaki. More aliwahi kuwaona wawili kati yao. Mwaka 1499 alikwenda na mwanazuoni Erasmus katika ikulu ya Eltham, wakakuta Henry wa miaka minane amesimama kati ya dada zake Margaret na Mary. Mwaka 1503 Henry ndiye mrithi, na anapewa mishororo miwili: mwana wangu mwenye upendo, Mola akuzidishie heshima na hadhi. Ni dua ya kawaida mno. Mary naye anapewa miwili, anasifiwa kwa uzuri wa sura na kuombewa wema, hekima na bahati. Mchanga, aliyeitwa Katherine, anapewa mitatu iliyosalia. Kadiri cheo kinavyoshuka, mishororo inaongezeka. Kina cha kati kinawafunga ndugu hao: hadhi kwa Henry, bahati kwa Mary, na kwa mtoto wa siku chache kina chake ni jina lake tu, tena kwa ufupisho wa mapenzi, Kate. Hana kingine cha kuitikiana na hadhi na bahati. Mama hamwombei kitu. Anamwambia jambo moja la hakika, kwamba majaliwa yake ni kutomjua mama yake kamwe. Mtoto huyo naye hakuishi. Shairi linamsemesha kama aliye hai, na kwa msomaji anayejua, mishororo hiyo mitatu inakuwa mizito kupita alivyokusudia mtunzi.

Ubeti wa kumi na moja unawaita dada. Cecily, Anne na Katherine wamepangwa kwa majina matatu katika mshororo mmoja na kuagwa katika wa pili. Bridget, mdogo wa wote, mtawa wa nyumba ya Dartford, anapata sehemu kubwa ya ubeti uliobaki, na sababu inaonekana: yeye ameikimbia dunia. More mwenyewe miaka hiyo alikuwa akitamani utawa, na hapa tena matamanio ya mtunzi yameuchukua ubeti kutoka mikononi mwa malkia. Ninauona kuwa upotevu, kwa kuwa dada watatu walikuwa na mambo. Cecily alikuwa ameolewa tena bila idhini ya mfalme. Mume wa Katherine, William Courtenay, alikuwa kifungoni tangu mwaka 1502 kwa kushukiwa uhaini, na malkia ndiye aliyegharimia malezi ya watoto wao. Tunalijua hilo kwa sababu daftari la matumizi yake ya mwaka wa mwisho limesalia. Ndani yake kuna gauni zilizorekebishwa badala ya kununuliwa mpya, na zawadi ndogondogo kwa maskini waliomletea matunda. Daftari hilo kavu lina udugu mwingi kuliko mishororo hii miwili.

Na hapa, katika ubeti unaowapanga mabinti wa Edward IV waliokuwa hai, ndipo pengo linapoonekana wazi. Edward IV alikuwa na wana pia. Edward V na Richard, wadogo zake Elizabeth, waliingizwa katika Mnara wa London mwaka 1483 na hawakuonekana tena. Elizabeth alifia katika Mnara huohuo. Shairi linataja Richmond, linataja Westminster, linauliza minara iko wapi kwa wingi usio na jina, na Mnara mmoja alimojifungulia na kufia halitaji kabisa. Malkia mwenyewe hakuwa amesahau. Daftari lile linaonyesha fedha alizompa mwanamke aliyekuwa mlezi wa mmoja wa wadogo zake hao, na nyingine kwa mtu wa Pontefract aliyesema alimpa malazi mjomba wake, Anthony Woodville, karibu na kifo chake; Richard III alikuwa ameamuru mjomba huyo akatwe kichwa huko Pontefract mwaka 1483. Miaka 20 baadaye alikuwa bado akiwalipa watu kwa ajili ya ndugu waliokwisha potea.

Ukimya wa shairi ungeweza kuwa tahadhari tu. Chini ya Henry VII kuzungumzia wana wa Edward hadharani kulikuwa kugusa kidonda cha kiti cha enzi. Lakini More hakuliacha jambo hilo. Kama miaka kumi baadaye alianza kuandika historia ya Richard III, kitabu asichokimaliza, na kiini chake ni vifo vya watoto hao wawili. Humo kuna tukio la Elizabeth Woodville katika hifadhi ya Westminster akimtoa mwanawe mdogo kwa wajumbe, akimuaga kama mtu anayejua hatamwona tena. Binti yake Elizabeth alikuwa katika hifadhi hiyohiyo. Mama anayewasemesha watoto kwa mara ya mwisho, More alikuwa ameshamjaribu kwa vina mwaka 1503. Nathari ilikuja kumpa wale ambao ubeti wa kumi na moja haukuwa na nafasi ya kuwaita.

Ubeti wa mwisho unawaaga mabwana, mabibi, watumishi waaminifu na raia. Mpaka hapa mishororo mingi imekuwa mistari kifu, kila mmoja ukijitosheleza. Sasa inakuwa mishata. Sentensi inayoanza kwa raia ambao hatawaona tena duniani haikomi pale mshororo unapokoma. Inavuka, inageuka kwa Mungu wa milele, inavuka tena, na inakatika ghafla katikati ya mshororo wa sita kwa kujikabidhi. Kisha ombi la rehema linaanzia hapohapo katikati na kumalizikia katika wa saba. Aliyekuwa amepanga mume, watoto, wakwe na dada katika visanduku vyao hana tena wa kumpanga. Na anapomwomba Mungu, anajiita mtumishi. Mishororo mitano juu yake neno hilo lilikuwa la wale waliomhudumia nyumbani kwake, aliowaaga kwa sifa ya uaminifu. Sasa amesimama upande wao, na kibwagizo chenye kiunganishi cha sababu, ambacho kiliwapa wajibu mume na mavyaa, kinatumika mara ya mwisho kumpa Mungu sababu ya kumrehemu.